Nilichanja, nikaugua Uviko, nimepona nusu, na msimu wa salfa ndio huu

Mwl_Kitangari (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Wajukuu mnaotaka kuniamkia, marahaba mapema, tusijaze ukurasa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeshavuka sitini na tano, presha ninayo tangu nikiwa kazini, na nina mikorosho ya urithi huku Newala. Naandika kwa sababu kila uzi wa Uviko humu huishia kwa vijana wawili kutukanana, mmoja chanjo ni sumu, mwingine asiyechanja ni mshamba, na sisi wazee wenye ugonjwa wetu hakuna anayetuuliza. Nina maswali, ila lazima kwanza nieleze nilikotoka.

Nilichanja Agosti mwaka jana, muda mfupi baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani Ikulu tarehe 28 Julai 2021. Ilikuwa Johnson & Johnson, sindano moja tu, ndiyo iliyotangulia kuingia nchini kwa mpango ule. Waliopewa kipaumbele ni wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 kwenda juu na wenye maradhi ya kudumu. Sifa mbili kati ya hizo tatu ninazo. Na nilikuwa na haraka kwa sababu mwanzoni mwa mwaka ule nilizika walimu wenzangu kadhaa, na kila msibani tuliambiwa marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya chanjo kulikuwa na fomu ya ridhaa ya kusaini. Mzee mmoja mbele yangu aliishika ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akamuuliza nesi, "Sasa nikifa, hii nakwenda kumwonyesha nani huko?" Nesi akamjibu, "Babu, ulipopasuliwa ngiri si ulisaini hivihivi?" Mzee akacheka, akaweka dole gumba. Tukakalishwa kwenye benchi tuangaliwe kwa muda, kisha tukaruhusiwa. Usiku nilishikwa na homa na baridi, bega likawa zito hata kuvaa kanzu ni kazi. Nikanywa panadol. Keshokutwa yake nilikuwa shamba.

Likizo ya Desemba wajukuu wakaja kutoka Dar na mafua yao. Mwezi wa kwanza nikaanza koo, kikohozi, mwili kuchoka. Homa kali sikuwa nayo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Duka moja la dawa walinitoboa kidole, wakasema taifodi, nikapewa vidonge. Kilichomshtua mama watoto ni kwamba asubuhi moja niliamka nikitafuta funguo za stoo ya shule niliyofundisha Nanyumbu enzi hizo, nikamgombeza kabisa kwamba kazificha. Akampigia simu mpwa wangu mwenye bajaji.

Hospitali walinibana kale kadude kidoleni, oksijeni ikasoma 91. Nikawekewa mipira ya oksijeni puani, nikaamriwa kulala kifudifudi, nikapewa deksamethasoni. Sukari ikapanda ilhali mimi si mgonjwa wa sukari. Kwenye mashine ya kupumulia sikufika. Nilirudi nyumbani suruali hazikai kiunoni.

Sasa kuna shemeji yangu. Tulilala nyumba moja, tulikula sinia moja, hajachanja na ameapa hachanji. Yeye kapata mafua, kanywa chai ya tangawizi, basi. Mnaweza kukisia anavyonichamba barazani.

Sasa ni Juni 2022, mikorosho inaanza kuchanua, salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia ukungu wa mikorosho, imefika chama cha msingi cha ushirika. Nikipanda kamwinuko ka kwenda shamba nasimama njiani kutafuta pumzi, zamani sikuwa hivyo. Majina ya watu yananitoka. Nauliza: naweza kupuliza salfa? Nichanje tena wakati nimeshaugua? Na wazee wenzangu mlioipitia, mlirudi lini katika hali yenu?

---

Kichwa_Ngumu_Masasi

Mwalimu, shikamoo. Bila kukuvunjia heshima, umeshajijibu mwenyewe. Aliyechanja kawekewa oksijeni, asiyechanja kapiga chafya akaendelea na maisha. Halafu mwezi uliopita Marekani wenyewe wamebana matumizi ya hiyo Johnson, habari ziko wazi. Sisi tumedungwa ili nchi ipate ule mkopo wa Uviko wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF. Nimemaliza.

---

Mvuvi_wa_Msangamkuu

Umemaliza nini wewe? Mkopo ulishatoka zamani, madarasa ya fedha hizo za Uviko yamejengwa, mdogo wangu wa kidato cha kwanza anakaa humo. Kama shida ilikuwa mkopo mbona mpaka leo bado wanachanja?

Mwalimu, shikamoo. Mzee wangu ana miaka 70, mvuvi tangu utoto, aliugua mwaka jana kabla chanjo haijafika. Pumzi ilirudi, pua haikurudi. Mvuvi asiyesikia harufu ni balaa. Alipokea changu walioanza kuharibika kutoka mtumbwi mwingine, akawapanga juu kabisa ya meza, wateja wakawa wanapita wanamkodolea macho na yeye hajui kwa nini. Sasa anakagua kwa matamvua na macho ya samaki tu, jicho likizama hanunui. Kuna daktari alimwambia anuse vitu vyenye harufu kali asubuhi na jioni, karafuu, limau, mkaratusi, kila kimoja kwa sekunde chache huku akikumbuka harufu yake. Kwanza aliona ni utoto. Karafuu imerudi, samaki bado.

---

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi wodi ya Uviko mikoa hii ya kusini, wapi sitasema.

Nianze na shemeji. Mtu mmoja huku na mmoja kule hawawezi kuipima chanjo. Hatujui kama shemeji ana presha, hatujui alivuta virusi kiasi gani, hatujui kama aliugua kimyakimya mwaka jana akabaki na kinga. Chanjo hupimwa kwa maelfu ya watu, nusu wanachomwa chanjo, nusu wanachomwa maji ya chumvi, na hakuna anayejua kapata ipi. Johnson ilipopimwa hivyo, kabla Marekani haijairuhusu Februari 2021, ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ule mkali wenyewe kwa asilimia 85. Hakuna aliyeahidi mia. Tena hiyo ilikuwa kabla ya kirusi cha aina ya Omicron, iliyoripotiwa kutoka kusini mwa Afrika Novemba 2021, ambayo hupenya kinga ya zamani kirahisi zaidi. Wewe ulipougua chanjo ilikuwa na miezi mitano mwilini, kinga yake imeanza kushuka, umri umekwenda, presha ipo. Kwamba uliugua hainishangazi.

Kuhusu Marekani, Kichwa Ngumu kasema kweli nusu. Mei mwaka huu waliibana Johnson kwa sababu ya tatizo adimu la damu kuganda huku chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka. Walithibitisha watu 60, tisa wakafariki, katika dozi zaidi ya milioni 18. Waliopata zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 49, na huonekana wiki moja au mbili baada ya sindano. Wao wana chanjo nyingine tele za kuchagua, kwa hiyo wana haki ya kuwa wagumu. Mzee wa kiume aliyechanja Agosti na leo ni Juni hana sababu ya kukosa usingizi kwa hilo.

Sasa jambo ambalo naomba kila mwenye mzazi alisome: zile funguo za stoo. Mzee akipata Uviko huenda asichemke hata kidogo. Utaona tu ameanza kuchanganya mambo, kaanguka bila sababu, kaacha kula, au analala mchana kutwa. Watu husema "uzee huo", wengine wanatafuta mganga. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi na leo hazipo, mpelekeni hospitali leo hiihii. Na oksijeni inaweza kushuka na mtu bado anaongea, anatania, hahisi kukosa pumzi. Ndiyo kazi ya kale kadude cha kidoleni. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa mapafu husoma 95 kwenda juu. Ikishuka 94 onana na daktari, chini ya 90 ni dharura. Mkono uwe na joto, kucha zisiwe na rangi wala hina (akina mama wa pwani nawasema ninyi), na mjue kwamba kwa ngozi nyeusi kifaa kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo msibishane na mgonjwa anayehema eti kwa sababu kimeandika 95.

---

Kijana_wa_Kariakoo

Nesi umeeleza vizuri ila mbona nyungu huitaji? Bibi yangu Mtama katufukiza nyumba nzima 2020, mchaichai, majani ya mpera, mwarobaini, na hakuna aliyekufa.

---

Nesi_wa_Zamu

Mvuke unalainisha mafua, unajisikia vizuri, sina ugomvi nao. Virusi hauui. Ugomvi wangu ni kwamba nimewafunga vidonda wazee waliopindua sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, na nimepokea wagonjwa waliofukizwa wiki nzima mpaka wakafika kwetu na oksijeni ya 70. Bibi akitaka kufukiza, afukize huku mtu ameshatafuta usafiri.

---

Bwana_Shamba_Tandahimba

Mwalimu, kwenye salfa naomba nikukatalie moja kwa moja.

Salfa ya unga ni vumbi laini mno. Tunapuliza alfajiri, upepo umetulia na umande ungali kwenye maua, ili unga ushike. Maana yake ni kwamba saa hiyohiyo lile wingu halina pa kwenda, linakaa chini ya mikorosho pamoja na wewe. Vijana wenye mapafu mazima wanatoka mle macho mekundu, wanakohoa hadi jioni. Mtu aliyetoka kwenye oksijeni asisogee, hata wa kusimamia tu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Anayebeba mashine anatakiwa avae barakoa ya vumbi yenye chujio, miwani, mikono mirefu, na akimaliza aoge kabla hajashika mtoto wala chakula. Wewe kaa nyumbani mpaka vumbi litulie, kesho yake mchana nenda kagua maua. Zipo dawa za maji zisizo na vumbi la namna hiyo, lakini nazo ni sumu, usizichukulie njia ya mkato ya kurudi kupuliza.

Kichwa Ngumu, wewe una mikorosho? Ukipuliza salfa mara moja, ubwiriunga, huo ukungu wa mikorosho, unakwisha? Mbona tunarudia kila baada ya wiki mbili tatu mpaka maua yafunge, na bado mengine yanaungua? Na kuna jirani hapulizi kabisa, mti wake mmoja pale pembeni unazaa. Utasema salfa ni utapeli?

---

Kichwa_Ngumu_Masasi

Salfa naiona kwenye jani. Chanjo siioni. Ila hapo umenibana kidogo, ngoja ninywe kahawa.

---

Binti_Nachingwea

Naomba nichangie upande wa kumshawishi mzee, maana watu wanaongea utadhani ni kumshika mkono tu ukampeleka.

Mama yangu ana miaka 74, ana sukari. Mimi nipo Dar. Kila nikipiga simu kuhusu chanjo ananiambia, "Mwanangu, mmeshanichoka?" Nikimtumia video anasema simu imejaa. Kasikia chanjo inashika sumaku, kasikia ukichanja miaka miwili tu. Kaka yangu akajaribu kwa amri, ndio akaharibu kabisa, mama akasusa kula kwake.

Kilichomgeuza ni jirani yake wa makamo yake, wanakwenda kliniki ya sukari pamoja. Yule mama alichanja, akarudi, wakaendelea kumenya mihogo wote, siku zikapita, hajageuka nyoka. Basi timu ya chanjo ilipopita nyumba kwa nyumba, mama akawatolea viti akijua ni watu wa anwani za makazi wamekuja kubandika namba. Kumbe ni chanjo. Kwa kuwa walishakaa na wameshakunywa maji yake, akaona aibu kuwafukuza, akamwita yule mwenzake, wakaongea pembeni, akachanja. Sisi watoto tuliambiwa jioni.

Ilikuwa Sinopharm, ya kwenda mara mbili. Hapo ndipo palipokuwa na udhia. Timu haikurudi kwa tarehe waliyoandika kwenye kadi, ikabidi apande bodaboda hadi kituoni, akafika akaambiwa mhudumu wa chanjo yupo semina. Akarudi tena wiki nyingine. Mwanamke wa miaka 74, barabara ya vumbi! Nesi, baada ya hizo mbili amemaliza?

---

Nesi_wa_Zamu

Dada, kwa umri wake hajamaliza. Kundi la wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri Oktoba 2021 kwamba waliochanjwa Sinopharm wakiwa na miaka 60 au zaidi waongezwe ya tatu, kwa sababu miili ya wazee hujenga kinga hafifu kwa chanjo ile. Si lazima iwe Sinopharm, inaweza kuwa ya aina nyingine iliyopo. Piga simu kituoni kwanza uulize siku na aina, usimpandishe mama bodaboda kwa kubahatisha.

Na mwalimu, swali lako nililiruka. Kuugua kunaacha kinga, lakini hushuka nayo, na kwa mzee mwenye presha usiitegemee peke yake. Uliyechanja Johnson, WHO walishauri tangu Desemba 2021 dozi ya pili miezi miwili hadi sita baada ya ile ya kwanza. Wewe uliugua katikati, unatakiwa uwe umepona na huna homa. Wengi hushauriwa kusubiri miezi mitatu au zaidi baada ya ugonjwa, na hiyo umeshaipita. Pfizer au Moderna juu ya Johnson hakuna ubaya. Waambie una presha na dawa unazokunywa, hasa kama ni za kupunguza kuganda kwa damu.

---

Mama_Mikindani

Nawasoma wanaume mnavyojadili pumzi zenu. Mimi nimemuuguza mzee wangu na nimeugua naye pamoja. Yeye kawekewa mito mitatu, uji wa choroko, supu ya pweza, watu wanakuja kumpa pole. Mimi nakohoa jikoni. Alipoanza kusimama akawa hataki kuogeshwa na mwanawe wa kiume, hataki kigoda bafuni, anataka kuoga wima kama kijana. Akaanguka. Basi nikamwambia utaoga umekaa au utanuka, chagua. Kachagua kigoda.

Mkimhesabu mgonjwa, mhesabuni na anayemuuguza. Chanjo nilichanja mimi kwanza, yeye akafuata baada ya kuona sijafa.

---

Mvuvi_wa_Msangamkuu

Mama umetisha 😂

---

Mzee_wa_Rondo

Mwalimu, habari ya siku. Mimi nimekuzidi miaka michache. Niliugua Julai mwaka jana, sikuwa nimechanja maana ilikuwa bado haijafika huku, nikalazwa Lindi mjini. Nilichanja baadaye Novemba.

Umeuliza tulirudi lini. Mimi kwa kweli sikurudi kwa siku moja ambayo naweza kukuonyesha. Miezi ya mwanzo shida haikuwa pumzi, ilikuwa udanganyifu wa siku nzuri. Naamka nina nguvu, nafurahi, nakata kuni, nakwenda msikitini kwa miguu, narudi kupitia kwa mwanangu. Kesho yake siinuki, na keshokutwa. Kijana wa mazoezi ya viungo hospitali akanifundisha kugawa kazi: ukijisikia unaweza kwenda mbali, nenda nusu, rudi ukiwa bado una nguvu. Ukikaa kwenye kiti cha kawaida, inuka bila kushika mikono, kaa, inuka, mara chache asubuhi na jioni, mapaja yarudi. Nyama za miguu za mzee zinaisha haraka sana kitandani, na ndizo zinazokufanya uheme ukadhani ni kifua. Ukipanda mlima, vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa midomo uliyoibana, muda wa kutoa uzidi wa kuvuta. Na kula: mayai, samaki, kunde, mbaazi. Ugali peke yake haujengi paja.

Ramadhani ya mwaka huu tarawehe nimeswali kwenye kiti. Kwanza niliona haya, nikaona safu ya nyuma tupo wengi.

Usahaulifu ndio uliochelewa kuondoka. Nilikuwa nikihesabu fedha za ufuta mbele ya wanunuzi nasahau katikati. Nikawa naandika. Ninaandika hadi leo, na wanunuzi wamekuwa waaminifu zaidi kuliko zamani.

---

Nesi_wa_Zamu

Mzee wa Rondo, hilo la kugawa kazi ndilo tiba yenyewe, mimi ningekuajiri.

Niongeze kidogo. WHO waliiwekea hali hii ya dalili kubaki baada ya Uviko maelezo rasmi Oktoba 2021: dalili zinazoonekana miezi mitatu tangu uugue, zinadumu angalau miezi miwili, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo muhimu kwa mwalimu. Usiseme "ni Uviko tu" kabla hujapimwa mengine. Kikohozi kikizidi wiki mbili, toa makohozi upimwe kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure. Pima wingi wa damu, pima sukari tena maana ile deksamethasoni iliipandisha na unataka kujua kama imeshuka, moyo usikilizwe, miguu iangaliwe kama inavimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana ghafla, au midomo ikabadilika rangi, usisubiri Jumatatu. Wazee wana dirisha lao hospitalini, litumie, usipange foleni na vijana.

Na nawaomba sana, deksamethasoni si dawa ya kununua dukani ukajitibu. Utafiti mkubwa wa Uingereza Juni 2020 ulionyesha inaokoa maisha ya waliohitaji oksijeni, na kwa wasiohitaji haikusaidia. Kuna wazee huku wanazo kwenye mfuko wa shati.

---

Mwl_Kitangari

Nimewasoma wote, ahsanteni. Nilikaa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda hospitali ya mkoa badala ya kubishana.

Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakuna. Sukari imeshuka. Presha ndiyo ilikuwa juu kuliko ninavyodhani, wamenibadilishia dozi, na daktari anasema sehemu ya ile kuhema mlimani huenda ni hiyo. Nimechanja tena, safari hii Pfizer. Bega liliuma, homa haikuja. Nesi aliyenichoma aliniuliza kama nina swali, nikamwambia maswali yangu yote yameshajibiwa kwenye simu, akanitazama kwa wasiwasi.

Bwana Shamba, salfa nimekabidhi. Mpwa wangu yule wa bajaji ndiye anayepuliza, nimemnunulia barakoa ya chujio na miwani, na amegoma kuvaa miwani kwa sababu inamharibia sura. Tumekubaliana malipo yake yatoke mnada wa kwanza wa Oktoba, yeye anataka kwa kilo, mimi nataka kwa mti. Hilo bado.

Kuhusu shemeji: Kichwa Ngumu, usifurahi sana. Hajachanja bado. Ila juzi alinisindikiza hospitali, tukiwa kwenye benchi akamuuliza nesi kwa sauti ya chini, akijua sisikii, kama mtu wa miaka 63 mwenye vidonda vya tumbo anaruhusiwa. Nesi akasema anaruhusiwa. Akasema anamuulizia mtu mwingine.

---

Kichwa_Ngumu_Masasi

Mimi bado sijachanja na sina mpango, nina miaka 34 na nina afya. Lakini baba yangu Jumapili nitamuuliza mwenyewe anataka nini, sitamjibia. Mwalimu uguza pole, na kwa kilo usikubali, kwa mti ndiyo sahihi.

---

Bwana_Shamba_Tandahimba

Kwa mti, na awe anapuliza mpaka juu, si chini tu. Simama mbali uhesabu.

---

Mgeni_Liwale

Samahani wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Mama yangu alichanja ya kwanza mwaka jana, kadi imeliwa na panya. Wanaweza kumkatalia ya pili?

---

Nesi_wa_Zamu

Hawamkatalii. Aende na kitambulisho na namba ya simu aliyoandikisha siku ile, wamtafute kwenye mfumo. Kama namba ilikuwa ya mjukuu, aende na mjukuu.